Somo: Glavu na vyuma, nani avae, nani aache, na kwa nini

Somo hili ni la wanaofanya mazoezi kwenye jimu za mtaani hapa Kigoma, kuanzia Gungu na Mwanga hadi Ujiji, ambako chuma cha kunyanyulia mara nyingi ni bomba la maji lililomwagiwa zege kwenye makopo pande zote mbili. Tunalisema mapema kwa sababu ushauri mwingi wa glavu unaosambaa umeandikwa kwa mtu anayeshika chuma cha kiwandani, na bomba ni kitu kingine kabisa.

Msimamo wetu ni huu: kwenye mazoezi ya kuvuta (kunyanyua kutoka chini, kuvuta kuelekea tumboni, pulapu) glavu nene ni hasara. Kwenye kusukuma, glavu nyembamba hazina tofauti kubwa. Mwenye kidonda, ukurutu au jasho lisilokauka ana sababu ya kuzivaa. Anayevaa kwa sababu "chuma kinateleza" anatibu ugonjwa mwingine.

Hatua ya 1: Pima chuma

Chukua uzi, uzungushie chuma mara moja, kisha unyooshe kwenye rula. Chuma cha mashindano ya Olimpiki cha wanaume, cha kilo 20, kina kipenyo cha milimita 28, kwa hiyo uzi utasoma karibu milimita 88. Cha wanawake, cha kilo 15, ni milimita 25, na uzi utasoma karibu 79. Bomba linalouzwa kwa jina la inchi moja si inchi moja kwa nje, kwa sababu jina hilo linafuata tundu la ndani. Kwa nje lina milimita 33 hadi 34, na uzi unafika 105 hivi. La inchi moja na nusu linafika milimita 48 kwa nje. Hilo tengenezea miguu ya benchi, usilishike.

Sasa ongeza glavu. Sponji ya milimita 3 inaongeza 3 upande huu na 3 upande ule, jumla 6. Chuma cha kiwandani cha 28 kimekuwa 34, yaani unene wa bomba. Bomba nalo limekuwa karibu 40. Sponji hubonyea uzito ukiingia, kwa hiyo punguza kidogo, lakini hesabu haibadiliki sana. Kwenye unene huo kidole gumba hakifiki tena juu ya kidole cha kati kukifunga, na kufuli hilo likikosekana vidole vinafunguka kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho. Ndiyo maana mtu anavua glavu na chuma kilekile kinatulia mkononi.

Hatua ya 2: Ondoa kinachochubua

Ngozi nyingi hupotea kwa kutu na mabaki ya uchomeleaji. Pitisha brashi ya waya, kisha msasa, kisha kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu futa kwa kitambaa kikavu mpaka harufu iishe. Miezi ya mvua, hasa jimu zilizo karibu na ziwa, futa chuma kila jioni, la sivyo kutu inarudi. Usipake rangi ya mafuta sehemu ya kushikia. Inapendeza siku ya kwanza, ikishapata jasho inateleza.

Kuna jambo la zege ambalo watu hawaliangalii. Chuma cha mashindano kina ncha zinazozunguka zenyewe, kwa hiyo ukikipandisha begani kwa kasi, sahani za uzito zinazunguka peke yake na kiganja kinabaki salama. Zege lililogandana na bomba haliwezi kufanya hivyo. Mzunguko wote unapita kwenye ngozi yako, na hapo ndipo sugu zinapong'oka nzima nzima. Kwa chuma cha aina hiyo fanya mazoezi ya polepole na uache kukirusha begani. Glavu haitakusaidia hapo, kwani itajikunja pamoja na ngozi iliyo chini yake.

Hatua ya 3: Weka chuma mahali pake mkononi

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haina gharama.

Kwenye kuvuta, watu wengi hukiweka chuma katikati ya kiganja na kufunga vidole. Uzito ukianza kupanda, chuma kinateremka kuelekea vidoleni na kusukuma ngozi mbele yake. Ngozi inakunjamana chini ya vidole na kubanwa kati ya chuma na mfupa. Mkunjo huo ukirudiwa siku baada ya siku ndio unaozaa sugu nene, na baadaye malengelenge.

Fanya hivi:

1. Vua pete.
2. Fungua mkono, laza chuma kwenye mstari ambapo vidole vinakutana na kiganja, si katikati ya kiganja.
3. Funga vidole vinne kwanza, kisha gumba juu ya kidole cha shahada na cha kati.
4. Vuta kidogo bila kunyanyua, chuma kitulie, ndipo uinue.

Ukimaliza seti tazama alama nyekundu. Ikiwa kwenye mstari huo, uko sawa. Ikiwa katikati ya kiganja, rudia kwa uzito mdogo.

Kwenye kusukuma ni kinyume: chuma kikae chini kwenye kiganja, juu ya mifupa ya mkono, ili kifundo kisipinde kwenda nyuma. Sponji nene hukisogeza chuma kuelekea vidoleni, kifundo kinapinda, kisha mtu analalamika kwamba glavu zimemuumiza mkono. Ukilala kwenye benchi gumba lizunguke chuma kila mara, uwe na glavu au usiwe nazo. Kushika bila gumba juu ya kifua chako mwenyewe ni kutafuta msiba.

Hatua ya 4: Kausha jasho

Chaki ya mazoezi ni kabonati ya magnesiamu. Inanyonya unyevu na kuacha ngozi kavu yenye msuguano. Kipande kidogo, ukubwa wa ncha ya gumba, kinatosha mikono miwili kwa seti kadhaa. Sugua kwenye mstari wa vidole na kwenye gumba, kisha piga makofi mara moja vumbi la ziada lianguke. Ikizidi inakuwa tabaka linaloteleza. Usipoipata, taulo dogo kavu na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Mikono iliyotoka kula dagaa wa kukaanga haishiki chuma, hata upake nini.

Hatua ya 5: Tunza sugu

Sugu bapa ni ulinzi. Sugu iliyoinuka kama kifungo ndiyo inayochanika, kwa sababu chuma kinapata ukingo wa kukamata. Mara moja au mbili kwa wiki loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha sugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka sugu ilingane na ngozi ya pembeni. Usiimalize yote, na wembe usiuguse kabisa. Ukikata ndani kidogo unapata jeraha litakalokuweka nje ya mazoezi.

Usiku paka mafuta. Mchanganyiko rahisi: nta ya nyuki gramu 20 (ya Tabora inapatikana), mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) au ya nazi gramu 80. Weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, si motoni moja kwa moja, koroga mpaka nta iyeyuke, mimina kwenye kopo. Yasipakwe siku hiyo kabla ya mazoezi.

Hatua ya 6: Ukiamua kununua glavu

Chagua ngozi nyembamba isiyo na sponji, iliyokatwa vidole. Geuza ndani uangalie mshono: ukipita kwenye mstari wa vidole, iache dukani. Funga ngumi ukiwa umeivaa. Ikikunjamana kiganjani ni kubwa, na mikunjo hiyo ndiyo itakayokutoa malengelenge. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika kivulini, maana jua linaikakamaza ngozi. Usiazimane. Fangasi wa mikono husafiri vizuri sana ndani ya glavu yenye unyevu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanga: Asanteni wakuu. Mimi ni fundi cherehani. Sugu zangu zinavuta nyuzi za vitambaa laini, satini ndiyo usiseme. Kwangu glavu si lazima?

Jibu: Dada, wewe una sababu ya kweli. Vaa glavu nyembamba za ngozi kwenye dambeli na mashine, na mizigo mizito ya kuvuta tumia mikanda ya mkononi (ile ya kitambaa inayofunga mkono kwenye chuma). Kinachovuta nyuzi hasa ni kingo kavu za sugu, kwa hiyo jiwe na mafuta ya usiku yatakusaidia kuliko glavu zenyewe. Asubuhi nawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitambaa, nta huacha doa.

Mwanachama, Kibirizi: Shikamooni. Nabeba mizigo, mikono yangu ni kama kwato. Lakini kilo 120 kutoka chini zinanitoka mkononi kabla mgongo haujachoka. Sasa sugu si ninazo?

Jibu: Marahaba kijana. Sugu hazishiki chuma, vidole ndivyo vinavyoshika. Gunia unalibeba begani na mgongoni, vidole havifanyi kazi hiyo muda mrefu. Mwishoni mwa zoezi shika chuma chenye kilo 80 hivi, simama nacho sekunde 15 hadi 20, mara 3, mara mbili kwa wiki. Ongeza kilo pale sekunde 20 zinapokuwa rahisi. Kwa seti nzito unaweza kugeuza kiganja kimoja kitazame mbele. Mkono huo uliogeuzwa usikunje kiwiko hata kidogo, kwani kano ya msuli wa mbele wa mkono huchanika hapo. Badilisha mkono kila seti.

Mwanachama, Katubuka: Chaki ya ubaoni, majivu, unga wa muhogo, poda ya mtoto. Kipi kinafaa tukikosa chaki yenyewe?

Jibu: Poda ya mtoto inatelezesha, iondoe kabisa. Wanyanyua vyuma huipaka mapajani ili chuma kiteleze juu yake, sasa fikiria mkononi. Unga wa muhogo ukikutana na jasho unakuwa ugali. Majivu yana magadi, yanakausha ngozi mpaka ipasuke. Chaki ya ubaoni ni jasi au chokaa: inasaidia kidogo seti moja au mbili, kisha inajikusanya kuwa tope. Kati ya hizo, chaki ya ubaoni kidogo pamoja na taulo.

Mwanachama, Ujiji: Kaka, sisi tumezungushia tyubu ya baiskeli kwenye bomba. Hapo glavu hazina kazi tena, au?

Jibu: Tyubu inashika vizuri ikiwa kavu, lakini mmeongeza unene uleule tuliousema hatua ya 1. Fungueni tyubu, kateni vipande viwili vya sentimita 8 kwa 10, kila mtu ashike chake kati ya kiganja na chuma wakati wa kusukuma tu. Kwenye kuvuta muachane navyo.

Mwanachama, Gungu: Mikanda ya mkononi inauzwa ghali. Fundi viatu anaweza kushona?

Jibu: Anaweza. Mkanda wa pamba wa begi kuukuu, upana sentimita 4, urefu sentimita 55 hadi 60. Ncha moja ikunjwe sentimita 6 iwe kitanzi, ishonwe kwa uzi wa viatu kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani. Mkanda wa gari ni imara lakini unateleza, pamba ni bora. Pitisha ncha kwenye kitanzi, mkono ndani, zungushia chuma mara moja au mbili kuelekea upande wa gumba. Tumia kwa kuvuta pekee. Ukilala kwenye benchi au ukiweka chuma shingoni usiivae kamwe, kwa sababu huwezi kukiachia.

Mwanachama, Mwanga: Sugu imeng'oka jana, ngozi inaning'inia. Na chuma kina kutu. Nina wasiwasi na pepopunda.

Jibu: Osha kwa maji safi na sabuni. Ngozi iliyokufa inayoning'inia ikate kwa mkasi uliochemshwa, ile iliyo hai iache. Paka mafuta ya mgando, funika kwa bandeji, badilisha kila siku. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na chuma kilicholala chini kinaokota udongo. Kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho, nenda kituo cha afya uulize leo. Ukiona usaha, joto, wekundu unaopanuka au mstari mwekundu unaopanda mkononi, usisubiri. Mazoezi ya miguu na tumbo yanaendelea, kuvuta kusubiri mpaka ngozi mpya isiume ukiibonyeza.

Mwanachama, Kibirizi: Na nikija kushindana siku moja, nitaruhusiwa glavu?

Jibu: Inategemea mchezo. Kwenye pawaliftingi (skwati, benchi na kunyanyua kutoka chini) chini ya IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, glavu haziruhusiwi, na mikanda ya mkononi pia. Kwa hiyo ukiwa na nia hiyo anza sasa kushika kwa mikono mitupu na chaki, hata kama itabidi upunguze kilo kwa wiki chache.