Kushuka Kotor kwa Saa Chache: Viza ya Kuingia Mara Moja Haitoshi

Ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza siku hizi hukata tiketi za meli za kitalii zinazozunguka Adria na Mediterania, na mara nyingi huwaalika wazazi, mashangazi na wajomba kutoka nyumbani wajiunge nao. Ni jambo jema, nami bado nalipendekeza. Naandika kwa ajili ya bandari moja tu katika ratiba hizo, Kotor ya Montenegro, ambako meli hufika asubuhi na kuondoka jioni. Bandari hiyo ilimzuia shangazi yangu kupanda meli huko Italia, kabla hata hajaiona.

Montenegro si mwanachama wa Umoja wa Ulaya wala haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Inatumia yuro tangu 2002, na hapo ndipo watu wengi hupotoka, kwa kuwa wanaona bei za yuro kwenye matangazo ya matembezi na kudhani kwamba mipaka nayo ni ileile. Meli ikitoka Trieste, bandari ya Italia, kwenda Kotor, abiria ametoka nje ya Schengen, na inapofika Corfu, Ugiriki, kesho yake, anaingia upya. Sasa tazama kibandiko cha viza kilichomo kwenye pasipoti yako, mstari unaoonyesha idadi ya kuingia. Kama umeandikwa 01, ruhusa yako ilitumika ulipotua Italia. Siku zinaweza kuwa zimebaki na tarehe ya mwisho ikawa bado mbali, lakini mlango wa kurudi umekwisha kufungwa. Kwa safari yenye Kotor ndani yake unahitaji angalau 02, na lililo salama zaidi ni neno MULT, yaani kuingia mara nyingi.

Shangazi aliombea viza yake Dar es Salaam. Wakala aliyemjazia fomu alikuwa na ratiba ya meli mkononi, yenye jina la Kotor, lakini mahali panapouliza mwombaji anataka kuingia mara ngapi akatia alama kwenye mara moja, akamhakikishia kwamba viza ya Schengen ni moja kwa Ulaya nzima. Ubalozi ulitoa kilichoombwa. Sisi tuliotoka Uingereza tulikuwa na viza za kuingia mara nyingi, tukapita kwenye kaunta ya jengo la abiria la Trieste, hatua chache kutoka Piazza Unità d'Italia, bila swali lolote. Yeye akasimamishwa. Mhudumu alifungua ukurasa wa viza, akaweka ukucha chini ya tarakimu 01, kisha akaivuta karatasi ya ratiba na kuuweka ukucha uleule chini ya jina la Kotor, akamwita msimamizi wake.

Tuliomba abaki chumbani mwake melini siku ya Kotor, asishuke kabisa. Ombi halikukubaliwa, kwa sababu kampuni hutazama njia ya meli, haitazami nia ya abiria: meli yenyewe inatoka Schengen, na kila aliyemo anatoka nayo. Kampuni inayomfikisha bandarini mtu asiye na ruhusa ya kuingia hubebeshwa gharama za kumrudisha, na faini juu yake, kwa hiyo hakuna msimamizi atakayekuonea huruma hapo kaunta hata akitaka. Nauli haikurudishwa. Masharti ya mkataba yanamwachia abiria wajibu wote wa hati zake, na bima ya safari tuliyokuwa nayo haikulipa dai linalotokana na upungufu wa hati. Mama wa makamo, aliyetoka Tanga akiwa na kanga mpya kwa ajili ya picha, aliketi juu ya sanduku lake huku abiria wengine wakimpita.

Nasisitiza, kwa kuwa ndilo jambo lililonifanya niandike: usisome majina ya miji kwenye ratiba, soma majina ya nchi, na kwa kila nchi ujiulize kama imo Schengen leo. Usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyesafiri zamani. Dubrovnik, ambayo meli nyingi huifikia siku moja kabla au baada ya Kotor, ilikuwa nje ya Schengen hadi Croatia ilipoingia tarehe 1 Januari 2023. Binamu aliyekwenda 2019 atakupa maelezo yaliyokuwa sahihi wakati ule na ambayo leo yatakupoteza. Kwenye fomu tia alama ya kuingia mara nyingi, ambatisha ratiba kamili ya meli, na katika barua ya maombi eleza wazi ni tarehe gani utatoka Schengen na tarehe gani utarudi. Viza ikitoka, soma kibandiko palepale kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu kusahihisha ukiwa Dar au Nairobi kunawezekana, na ukiwa Trieste na sanduku mkononi hakuwezekani.

Kwa jamaa zetu walioko nyumbani, nasema kwa heshima: wakala kuwa jirani, au kuwa amempeleka mtoto wa fulani Ujerumani, hakumfanyi ajue njia ya meli. Nanyi mnaowaalika, msiwaachie wazee fomu. Ombeni picha ya kila ukurasa kabla haujawasilishwa.

Mtaambiwa pia na wenzenu wa kazini huku Uingereza kwamba mambo yatakuwa sawa, mwende tu. Wanasema kwa moyo mweupe. Waingereza wengi hawajawahi kuomba viza ya kwenda likizo, na hata sasa, wanapolazimika kuhesabu siku 90 katika kila siku 180 tangu nchi yao ijitoe katika Umoja wa Ulaya, bado wanaamini kuwa ofisa wa mpakani ataangalia sura ya mtu na kuelewa. Kwetu sisi ofisa husoma karatasi. Simlaumu, lakini nasikitika kuona jamii inayojivunia utaratibu ikiwa haijui utaratibu huo unavyomwangukia jirani yake.

Mengine mnayajua: ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, pamoja na taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Kuishi Uingereza kihalali hakumwondolei mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda haja ya viza ya Schengen. Kwa upande wake, Montenegro huwaruhusu wenye viza halali ya Schengen kuingia kwa muda mfupi bila viza yake, lakini hakikisheni na ubalozi wake kabla ya kusafiri.

Kotor yenyewe inastahili taabu hii, na shangazi aliiona mwaka uliofuata, akiwa na MULT. Amka mapema uwe juu sitahani meli inapopita mlango mwembamba wa Verige, milima ikiwa imesimama pande zote mbili. Mji wa kale umezungushiwa kuta, na vichochoro vyake vya mawe vitamkumbusha mtu wa pwani Mji Mkongwe wa Lamu. Kanisa kuu la Mtakatifu Tryphon liliwekwa wakfu mwaka 1166. Ngazi za kwenda ngomeni ni kama 1,350, hazina kivuli cha maana, kwa hiyo wazee wabaki chini uwanjani na vijana wapande asubuhi wakiwa na maji. Perast, mji mdogo wa jirani, ni pazuri, lakini barabara ya kando ya ghuba ni nyembamba na wakati wa kiangazi hujaa magari, nami singeenda huko kwa teksi baada ya saa nane mchana.

Fuata saa ya meli, si ya simu, hasa kama mmetoka Corfu, kwa kuwa Ugiriki iko mbele kwa saa moja. Chukua karatasi ya ratiba ya siku inayotolewa melini, yenye namba ya wakala wa bandari. Atakayeachwa Kotor hataweza kuifuata meli Corfu kama viza yake imekwisha kutumika, hata uwanja wa ndege wa Tivat uwe karibu namna gani. Na kabla ya kuondoka Uingereza, ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji uhakikishe kwamba ukaazi wako wa kidijitali umeunganishwa na pasipoti unayosafiri nayo, hasa kama umebadilisha pasipoti tangu ulipofungua akaunti hiyo.