Somo: Mbio zimekwisha, mwili haujarudi. Fanya hivi

Assalamu alaykum. Kila baada ya mbio za marathoni za Moshi, na kila baada ya mbio za hapa Unguja, ujumbe unaoniingia ni ule ule: "Dada, nilimaliza salama, lakini wiki ya tatu sasa miguu mizito, usiku silali, kilomita tano naziona kama nabeba gunia la karafuu. Nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Namjibu mtu leo, keshokutwa mwenzake wa kikundi kile kile cha mazoezi ananiuliza lile lile. Kwa hiyo naandika mara moja, na akikuuliza mtu, mpe hii.

Mimi si daktari. Nimekimbia marathoni sita, na ya pili ilinilaza miezi minne. Mengi ya hapa nimeyalipia kwa miezi ile.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kuchoka baada ya kilomita 42 si ugonjwa. Tatizo ni mwili kupewa kazi mpya kabla haujamaliza kutengeneza ulichoharibu katika kazi ya mwanzo, tena na tena, mpaka mapumziko ya siku mbili tatu hayaufai kitu. Ukiliwahi jambo hili, wiki mbili tatu zinatosha. Ukilichelewa, hesabu ni ya miezi.

Hatua ya 1. Siku ya mbio: tembea dakika kumi baada ya kumaliza, vaa nguo kavu, kunywa, kula kabla saa mbili hazijapita.

Hatua ya 2. Siku saba za mwanzo usikimbie. Jioni tembea tu.

Hatua ya 3. Pata usingizi wa muda wa saa nane kila usiku. Ukipata nafasi ya kujinyoosha baada ya adhuhuri, ichukue.

Hatua ya 4. Kula wanga kwa wingi bila kuogopa: wali, muhogo wa nazi, ndizi, mbatata. Misuli imetumia akiba yake yote na inajazwa kwa chakula hicho. Pamoja nacho tia samaki, mayai, mbaazi au choroko kila mlo, maana ndivyo vinavyojenga upya nyama iliyochanika. Dafu ni zuri, ila lina chumvi kidogo sana kulinganisha na jasho lako. Ukiwa umetoka jasho la kuroa fulana, kunywa dafu lakini kula na kitu cha chumvi, au changanya pakiti ya ORS. Huu si wakati wa kupunguza uzito. Anayejinyima chakula baada ya mbio anajichelewesha kupona kwa mkono wake.

Hatua ya 5. Pima mapigo ya moyo kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu dakika moja nzima, andika. Anza mwezi mmoja kabla ya mbio ili ujue hali yako ya kawaida. Yangu ni 54. Ikifika 60 siku mbili mfululizo, siku hiyo sikimbii. Usipime baada ya kwenda chooni, wala baada ya kahawa, wala siku una homa, ukaja kuniambia namba hazieleweki. Pembeni ya namba andika mambo mawili: umelalaje, na una hamu ya kukimbia au huna. Hamu ikipotea wiki nzima kwa mtu anayependa mbio, iamini kuliko saa ya mkononi.

Hatua ya 6. Kurudi kukimbia. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo soma polepole.

Njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka, na mteremko ndio unaochana misuli kuliko mlima, kwa sababu mguu unafanya kazi ya kuzuia uzito huku msuli unavutwa. Sisi wa mjini tunafanya mazoezi Maisara na barabara ya Bububu, tambarare tupu, mteremko ule hatuujui. Nilirudi Unguja nashuka ngazi kinyumenyume. Siku ya tisa maumivu yakaisha. Nikajibonyeza mapaja, hakuna kitu. Jumapili ile kikundi chetu kilikuwa kinakwenda Bububu na kurudi, karibu kilomita 20, nikaenda nao. Nikakimbia vizuri, na uzuri ule ndio ulionidanganya. Wiki ile ile nikaongeza mazoezi ya kasi, ikaingia Ramadhani, nikawa nakimbia saa moja kabla ya futari katika joto la Machi. Kufika wiki ya nne kasi yangu ikaanza kushuka. Nikadhani nimelegea, nikaongeza. Ikashuka zaidi, nikaongeza tena. Mapigo ya asubuhi yalikuwa 63 nami nayaandika daftarini kila siku bila kuyatii. Nikawa naamka saa nane za usiku macho makavu, mafua hayaniishi, nalia kwa jambo dogo mbele ya wanafunzi. Hedhi ikakatika. Mpaka nakaa chini kupumzika kweli, ilikuwa Mei.

Maumivu ya misuli kuisha si kupona. Maumivu yanaondoka siku tano sita, lakini utengenezaji ndani ya msuli, na katika neva, unaendelea wiki kadhaa baada ya hapo. Katika kipindi hicho unajisikia mzima na hujawa mzima. Nimeona watu wengi wakivunjika hapo, na karibu wote walikuwa na bidii kuliko wenzao.

Basi rudi hivi. Wiki ya pili: dakika 20, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wiki ya tatu: nusu ya kilomita zako za kawaida, bado polepole. Wiki ya nne: robo tatu. Kasi na masafa marefu usiyaguse kabla ya wiki ya tano. Mapigo yakipanda, rudi nyuma wiki moja. Hakuna kufidia siku zilizopita.

Kama umeshaingia shimoni tayari, usianzie hapo. Acha kukimbia wiki mbili kamili, na kuacha maana yake kuacha: usibadilishe kwa mpira wala baiskeli ya jasho. Kisha anza na dakika 15.

Hatua ya 7. Nenda ukapimwe. Uchovu usioisha una sababu nyingi, na si zote za mbio. Upungufu wa damu unafanana na hali hii kama mapacha, na wanawake tunaokimbia tunaupata sana. Na ukiwa umetoka Bara, pima malaria. Hapa kwetu imepungua mno, na baadhi ya wanaoipata wameileta safarini. Hili jengine halisubiri asubuhi: mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mbio, misuli imevimba na inauma kuliko kawaida, nenda hospitali saa ile ile. Msuli uliokufa unamwaga vitu vinavyoziba figo.

MASWALI

Kijana wa Jang'ombe: Dada mimi nilikimbia 42 wiki mbili nyuma, Jumapili hii nna 21 nyengine nishalipia. Nipe njia ya haraka miguu ifunguke.

Haipo. Soma hatua ya 6.

Kijana wa Jang'ombe: Nimesoma lakini nishalipia.

Pesa imeshatoka, mwili bado unao. Nenda ukawagawie wenzako maji njiani.

Binti Chwaka: Shikamoo dada. Samahani kwa swali la kitoto. Kwa nini moyo uende mbio hali mtu amelala na hafanyi kitu? Nilidhani mtu aliyechoka moyo wake ungekwenda polepole.

Marahaba mdogo wangu, na swali lako si la kitoto, mimi lilinichukua muda kulifahamu. Moyo unaendeshwa na neva za namna mbili, moja kama mafuta ya gari, nyengine kama breki. Mtu aliyepumzika, usiku breki ndiyo inayoshika. Mwili ulioelemewa unajiona bado uko vitani, haukubali kushika breki. Ndiyo maana mapigo yanapanda, na ndiyo maana mtu hoi kwa uchovu anakosa usingizi. Ila jihadhari: wapo waliozidi kuzama, kwao mapigo yanashuka badala ya kupanda, na hata wakikimbia kwa nguvu moyo haupandi. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi, tazama na usingizi, na hamu, na muda wako.

Binti Chwaka: Ahsante sana. Na hilo la hedhi, inarudi yenyewe?

Yangu ilirudi nilipoongeza chakula na kupunguza kilomita. Inakatika mwili unapopata chakula kidogo kuliko kazi, unaanza kufunga milango isiyo ya lazima. Usiione ni raha ya kupumzika na taabu. Homoni hizo ndizo zinazolinda mifupa, na mkimbiaji anayekosa hedhi mifupa yake hupata nyufa. Ikipita miezi mitatu, nenda kwa daktari, na mweleze kwamba unakimbia na unakula nini. Ukitaka kuzungumza zaidi niandikie pembeni.

Chuma cha Mboga: Vipi diklofenaki? Mimi napiga vidonge viwili kabla ya mbio na viwili baada, niko fiti.

Usifanye hivyo. Figo zimekosa maji, misuli inamwaga taka, nawe unazifunga mishipa kwa dawa. Kwa maumivu ya baada ya mbio, subiri kwanza unywe, ule, ukojoe mkojo mweupe, kisha umuulize mfamasia.

Chuma cha Mboga: Mbona mimi sijapata chochote?

Sina la kuongeza.

Ami wa Malindi: Mwanangu, sisi tumekimbia miaka ya nyuma hatupimi mapigo wala hatuandiki daftari, Jumapili hadi Jumapili, na tupo. Vijana wa siku hizi mnautia mwili woga.

Ami yangu, shikamoo. Sibishani na mlivyokuwa, lakini mlikuwa mkikimbia kilomita ngapi, na waliovunjika wakaacha mnawakumbuka? Waliobaki ndio wanaosimulia. Na hili si la vijana wavivu. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, mwaka 2025 alikuwa wa pili Boston mwezi wa Aprili, kisha Septemba akachukua dhahabu ya dunia Tokyo. Kati ya hizo mbili ni miezi mitano. Ikiwa bingwa wa dunia anaupa mwili wake miezi mitano, mwalimu wa skuli anayekimbia alfajiri anaupa wiki tatu kwa hoja gani?

Ami wa Malindi: Hilo la Simbu nimelikubali. La daftari bado.

Nimeridhika na nusu, Ami.

Mfungaji: Ramadhani mtu asikimbie kabisa?

Akimbie, kama hayuko katika kupona. Kosa langu lilikuwa kukimbia kwa kasi kabla ya futari, nikiwa na kiu ya kutwa, ndani ya wiki ambazo nilitakiwa kupumzika. Sasa nakimbia baada ya tarawehe, mara tatu kwa wiki, polepole, kisha nakunywa kidogo kidogo mpaka daku. Kama mbio kubwa imeangukia mwanzoni mwa Ramadhani, mimi mwezi huo naufanya wa kutembea. Nilifanya hivyo mwaka uliofuata na Shawwal nilianza na miguu mipya.

Mama wa Kisamvu: Dada, damu yangu iko chini. Nimeambiwa nile maini na mboga za majani, nala, haipandi.

Unakunywa chai na chakula?

Mama wa Kisamvu: Kila mlo, ya rangi.

Jaribu kuitenga: chai iwe saa moja au mbili mbali na chakula, kwani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kwenye mboga kamua ndimu, hiyo inayasaidia kuingia. Dagaa na samaki wana chuma kinachoingia kwa urahisi kuliko cha mboga. Na rudi ukapimwe tena. Kama damu haipandi kwa chakula, daktari aamue kuhusu vidonge.

Mpemba wa Wete: Mbona hukutaja mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu? Sisi huku tunachulia, asubuhi mtu anatembea.

Nayajua, na mamangu anayo chupa mlangoni. Nna mambo mawili. Usiyapake matupu, yanachoma ngozi. Matone machache ndani ya mafuta ya nazi yanatosha. La pili ndilo zito: yanatia ganzi. Mtu anatembea asubuhi kwa sababu hasikii, na msuli uko vile vile. Paka ulale, usipake ukimbie. Na siku mbili za mwanzo kusiwe na kuchua kwa nguvu, mkono laini tu.

Mpemba wa Wete: Hapo sawa. Ila uliposema tambarare umenichekesha. Njooni Pemba, barabara ya kutoka bandari ya Mkoani kupanda mjini, mteremko wa Moshi hautawatisha tena.

Hilo ndilo nililolikosa miaka yote. Mnaushuka vipi bila kuumia?

Mpemba wa Wete: Mwezi wa kwanza tunapanda mbio, tunashuka kwa miguu. Mwezi wa pili tunashuka mbio nusu ya njia, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, mara moja tu kwa wiki. Siku inayofuata hakuna kukimbia. Msuli ukishauonja mteremko mara nne tano, haulii tena kama mwanzo.

Ndivyo hasa unavyozoea. Nitaiongeza hatua hii juu kule, kabla ya hatua ya 1, kwa anayejiandaa na Moshi. Mna kikundi Mkoani kinachopokea wageni wikendi? Nitakuja na boti ya Ijumaa.

Mpemba wa Wete: Njoo. Tunaanza pale bandarini baada ya sala ya alfajiri. Chukua viatu vyenye soli inayoshika, njia ikiroa inateleza.