Soma Ptolemaios na Kleopatra kwa penseli, kama Champollion

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili aliniuliza hieroglifi, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, zilisomwaje ilhali hakuna aliyebaki kuzifundisha. Tukakaa mezani, tukazisoma wenyewe kwa njia ya Champollion, msomi Mfaransa aliyezifumbua.

1. Chukua penseli na daftari la miraba. Achana na programu za simu: alama usiyoichora kwa mkono wako utaichanganya na nyingine.

2. Jiwe la Rosetta, lililopatikana Rashid, Misri, mwaka 1799, lina amri moja ya mwaka 196 KK kwa hieroglifi, demotiki (mwandiko wa haraka wa Wamisri) na Kigiriki. Kigiriki kinamtaja mfalme Ptolemaios. Kwenye hieroglifi, jina lake limezungushiwa duara refu. Duara la jina lake liko zaidi ya moja; chora lile lenye alama chache zaidi.

3. Anzia upande ambao wanyama wanautazama.

4. Gawa sauti: mraba P, nusu duara T, kitanzi cha kamba O, simba aliyelala L, umbo refu jembamba M, matete mawili I, kitambaa kilichokunjwa S.

5. Sasa malkia Kleopatra. Jina hili halimo kwenye jiwe la Rosetta. Champollion alilipata mwaka 1822 kwenye nakala ya maandishi ya mnara wa Philae, kisiwa cha Misri. Simba ni wa pili, kitanzi cha nne, mraba wa tano: L, O, P, mahali pake hasa. Lakini ya saba, panapotakiwa T, hakuna nusu duara. Kuna mkono! Hapa nilipoteza jioni nzima nilipojifunza, nikafuta kila kitu nikidhani nimekosea tangu mraba wa kwanza. Usifute. Sauti moja inaweza kuwa na alama mbili. Aliyepita madrasa ataelewa upesi: sini na sadi ni sauti mbili kwa Kiarabu, lakini ulimi wetu huzitamka zote S. Mkono nao asili yake ni D. Tena mwishoni utaona nusu duara na yai. Usizisome, zinaonyesha tu kwamba jina ni la mwanamke. Alama zilizobaki zinakupa K, E, A na R.

6. Jipime kwa jina la tatu. Weka sauti ulizo nazo: A, L, pengo, S, E, pengo, T, R, pengo. Mpwa wangu aliinua penseli akasema, "Mjomba, ni Aleksanda!" Basi kikapu chenye mshikio ni K nyingine, mawimbi ya maji ni N, na komeo la mlango ni S nyingine, kwani kwa Kigiriki jina ni Aleksandros.