Zamu za upatu: namna ya kuhesabu mipangilio, teuzi na uwezekano

Mama yangu alicheza upatu na wenzake watano hapa Ngamiani, Tanga. Kila mzunguko ukianza walikutana barazani kwetu kupanga zamu, na mvutano haukukosekana. Pesa ni ileile, lakini mwenye ada ya mtoto mwezi wa kwanza hawezi kungoja mwezi wa sita. Nilipofika kidato cha tano niliandikiwa kanuni mbili ubaoni, moja ya P na moja ya C. Nikazikariri, na mtihani ulipokuja nikakosa karibu maswali yote. Kilichonifumbua macho ni lile baraza la mama. Leo nafundisha tuisheni ya jioni, na somo hili naanza nalo hapo.

Kabla hujagusa kanuni yoyote, jiulize: nikibadilisha nafasi za watu hawa, jambo limebadilika, au limebaki lilelile?

Zamu za upatu zinabadilika. Basi chora visanduku sita kwenye daftari. Cha kwanza anaweza kuingia yeyote kati ya sita. Akishaingia, wamebaki watano wa kisanduku cha pili, kisha wanne, hadi anabaki mmoja. 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 720. Tunaandika 6! na kusoma faktoria ya 6. Kwa nini tunazidisha wala hatujumlishi? Kwa sababu kila anayeweza kukaa kisanduku cha kwanza anaweza kufuatwa na yeyote kati ya watano waliobaki. Hapa usipite mbio. Chora matawi ya watu watatu tu, uzione njia sita kwa macho yako, ndipo uendelee.

Sasa kikundi kinataka mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Visanduku ni vitatu: 6 × 5 × 4 = 120. Huo ni mpangilio, ile P ya kwenye mtihani.

Siku nyingine jirani amejifungua, na watatu kati ya hao sita wanakwenda kumwona mzazi. Wakienda Asha, Zuhura na Mwanaidi, hakuna wa kwanza wala wa tatu, wote ni wageni tu. Lakini visanduku vyetu vimewahesabu mara sita: AZM, AMZ, ZAM, ZMA, MAZ, MZA. Kila kundi la watatu limerudiwa hivyo, mara 3!. Kwa hiyo 120 ÷ 6 = 20. Huo ni uteuzi, C. Kanuni ndefu ya kitabuni haina siri nyingine: hesabu kana kwamba nafasi zina maana, kisha gawanya kwa idadi ya marudio.

Vijana wa mpira nawapa hili. Ligi Kuu ya Bara yenye timu 16 ina mechi ngapi? Mwenyeji anaweza kuwa yeyote kati ya 16, mgeni yeyote kati ya 15 waliobaki: mechi 240. Simba kumkaribisha Yanga ni mechi moja, Yanga kumkaribisha Simba ni nyingine. Wangekutana mara moja tu, ungegawanya kwa 2, upate 120. Ndiyo maana kundi la timu nne kwenye AFCON lina mechi 4 × 3 ÷ 2 = 6.

Uwezekano ni sehemu: juu weka idadi ya matokeo unayoyataka, chini idadi ya matokeo yote. Kama wale watatu wa kwenda kwa mzazi wanapatikana kwa kuokota vikaratasi, mama yangu ana uwezekano gani wa kuwamo? Mweke mama kwanza, kisha mtafutie wenzake wawili kati ya watano: 5 × 4 ÷ 2 = 10. Safari zote ni 20. Jibu ni 10/20, yaani nusu.

Sehemu hiyo ina sharti ambalo wanafunzi wengi hulisahau: kila tokeo lazima liwe na nafasi sawa na jingine. Chukua ile shilingi ya zamani, yenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili. Ukiirusha mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni ngapi? Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alilijibu swali la namna hii kwa 2/3. Alihesabu matokeo matatu: kichwa mara ya kwanza (basi, imetosha), mwenge kisha kichwa, mwenge kisha mwenge. Lakini hilo la kwanza limebeba matokeo mawili ndani yake. Yaandike yote bila kufupisha, KK, KM, MK, MM, uone kuwa ni 3/4. Njia ya mkato: kukosa kichwa kabisa ni 1/4, kitoe kwenye 1. Swali likisema "angalau", ijaribu hiyo kwanza.

Tumalizie na neno KARIAKOO. Herufi ni nane, lakini K, A na O kila moja iko mara mbili, kwa hiyo chukua 8!, yaani 40,320, ugawanye kwa 2 mara tatu: 40,320 ÷ 8 = mipangilio 5,040. Ukizichanganya herufi hizo bila kuangalia, uwezekano wa K mbili kukaa jirani ni upi? Zifunge K pamoja, zihesabike kama herufi moja. Zimebaki saba, na 7! nayo ni 5,040. A na O bado zinarudiwa: 5,040 ÷ 4 = 1,260. Jibu ni 1,260/5,040, yaani 1/4. Sasa lihakiki kwa njia nyingine: nafasi mbili za kuweka K kati ya nane huchaguliwa kwa njia 8 × 7 ÷ 2 = 28, na jozi za nafasi zinazopakana ni 7. 7/28 ni 1/4 ileile.