Kununua fleti pana kwenye jengo la kale Lyon: hatua kwa hatua

Fleti nyingi pana za Croix-Rousse, mtaa wa mlimani jijini Lyon, Ufaransa, zilianza kama karakana za kufuma hariri. Majengo yenyewe ni ya karne ya 19. Wafumaji, walioitwa canuts, waliishi na kufanya kazi humohumo, na dari zilipandishwa hadi karibu mita 4 ili mashine ya kufumia iitwayo Jacquard ipate kusimama. Leo ni makazi yenye boriti nene za mbao na madirisha marefu. Mtu akiingia tu, huinua macho juu na kuanza kupanga makochi.

Kazi yangu ni kuwasindikiza wanunuzi wanaozungumza Kiswahili, na nawaambia mapema: hapa unanunua fungu la jengo zima la kale, kwa hiyo lichunguze jengo kwanza, fleti baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu pesa yote, na uonyeshe ilikotoka

Mgeni anaruhusiwa kununua Ufaransa bila kibali maalumu. Juu ya bei, tenga asilimia 7 hadi 8 kwa gharama za notaire, yule ofisa wa sheria ambaye bila yeye hakuna mauziano. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ni kodi. Kwa fleti ya euro 400,000, jiandae kutoa kama 30,000 zaidi. Uliza pia kama ada ya dalali imo ndani ya bei ya tangazo.

Notaire atataka kujua fedha zimetoka wapi. Kama uliuza kiwanja Kigamboni au umelipwa mgao wa chama Nairobi, weka mkataba wa mauzo, taarifa za benki na tafsiri iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Malipo yote yanayozidi euro 3,000 kupitia kwake hufanywa kwa uhamisho wa benki. Pesa taslimu usiitaje hata kwa utani.

Hatua ya 2: Nenda na tepu ya fundi

Kwa kuwa dari ni ndefu, wenye fleti wengi wamejenga jukwaa la mbao ndani ya chumba na kuweka kitanda juu. Pima hapo. Chukua dari ya mita 3.90: jukwaa likikaa kwenye mita 2.15 na unene wake ukiwa sentimita 20, juu inabaki mita 1.55. Sheria ya Carrez ya 1996 haihesabu eneo ambalo dari yake haifiki mita 1.80, kwa hiyo sakafu yote ya jukwaa hilo haimo kwenye hesabu. Ndiyo maana tangazo linaweza kusema mita za mraba 85, na cheti cha Carrez kikasema 68. Bei ya kila mita ipigie kwenye 68.

Kipimo halisi kikiwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 5 ya kilichoandikwa kwenye hati ya mauzo, una haki ya kudai bei ipunguzwe kwa kiasi hichohicho, mradi ufungue dai ndani ya mwaka 1 tangu kusaini.

Ukiwa na tepu mkononi, angalia pia ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, hasa upande wa bafu na jiko. Unyevu ukikaa humo, mbao huoza kutoka ndani huku nje zikionekana nzima.

Hatua ya 3: Soma kumbukumbu za mikutano ya wamiliki

Hapa usifanye haraka. Jengo lenye fleti za wamiliki mbalimbali huendeshwa chini ya sheria ya 10 Julai 1965: kuna msimamizi (syndic), na kuna mkutano mkuu wa kila mwaka unaopiga kura juu ya matengenezo. Muuzaji anapaswa kukupa kanuni za jengo, hesabu, na kumbukumbu za mikutano ya miaka 3 ya nyuma. Usisome ukurasa wa mwisho tu. Fuata jambo moja mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza wameandika kuna nyufa kwenye ngazi, mhandisi aitwe. Wa pili ripoti imekuja, uamuzi umeahirishwa. Wa tatu hakuna anayeitaja. Bili hiyo haijafutwa, inamsubiri mmiliki mpya.

Kisha tafuta tantièmes zako, yaani hisa za fleti katika jengo. Fleti ikiwa pana, hisa huwa kubwa. Ukiwa na 120 kati ya 1,000 na paa likagharimu euro 150,000, unalipa 18,000. Angalia pia madeni: majirani wasiolipa ada humaanisha fundi hatakuja. Na kama kuna njia ya ndani inayopita chini ya jengo, traboule, uliza kama wamiliki wana makubaliano na jiji ya kuiacha wazi mchana. Watalii watapita mlangoni kwako, lakini jiji nalo husaidia kuitunza.

Hatua ya 4: Jua usichoweza kubadilisha

Karibu na jengo la kihistoria lililolindwa, kwa kawaida ndani ya mita 500, mabadiliko ya nje hupitia kwa mbunifu wa serikali, Architecte des Bâtiments de France. Madirisha ya mbao kuyageuza ya plastiki? Tegemea kukataliwa. Muda wa kushughulikia ombi dogo hupanda kutoka mwezi 1 hadi 2, na kura ya majirani bado unaihitaji.

Hilo linagusa joto. Ukuta wa mbele wa mawe huenda usiruhusiwe kufunikwa kwa nje, na ukiukinga baridi kwa ndani unapoteza sentimita za chumba. Kama unataka kupangisha, tazama daraja la matumizi ya nishati, DPE, kuanzia A lililo bora hadi G lililo baya zaidi: daraja G haliruhusiwi kwenye mikataba mipya ya upangaji tangu 2025, F litafuata 2028, na E 2034.

Hatua ya 5: Ripoti za ukaguzi

Muuzaji ndiye anayelipa. Jengo la kabla ya 1949 lazima lipimwe rangi yenye madini ya risasi. Kwa wenye watoto wadogo, hiyo ndiyo ya kusoma kwanza.

Hatua ya 6: Mkataba wa awali

Chukua notaire wako mwenyewe. Wawili hugawana ada ileile, hulipi zaidi. Kwenye mkataba hakikisha mambo mawili yameandikwa: benki ikikunyima mkopo unarudishiwa arubuni, ambayo huwa asilimia 5 hadi 10, na matengenezo yaliyopigiwa kura kabla ya siku hiyo yanalipwa na muuzaji. La pili lisipoandikwa, msimamizi atamdai yeyote atakayekuwa mmiliki siku malipo yanapoitishwa.

Baada ya hapo una siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu. Zitumie kumwita fundi.

Hatua ya 7: Hati ya mwisho

Kwa kawaida huja miezi 3 baadaye. Asubuhi ya kusaini, rudi ukakague fleti na usome mita ya umeme na ya maji. Bima iwe imeanza siku hiyohiyo. Usipokielewa Kifaransa vizuri, mwambie notaire mapema ili mkalimani awepo. Na ukiwa Dubai au Mombasa na huwezi kusafiri, omba procuration, mtu mwingine asaini kwa niaba yako. Anza kuiandaa wiki kadhaa kabla, kwa sababu saini yako nayo itahitaji kuthibitishwa.