Somo: Kutoka Kasane hadi Maun kwa gari lako, ukilala kambini

Somo hili linawahusu wanaotaka kuendesha gari wenyewe kaskazini mwa Botswana, kupitia Chobe, Khwai na Moremi, na kulala kwenye mahema. Kambi za hifadhi huko hazina uzio. Aliyezoea hifadhi za Kruger (Afrika Kusini) au Etosha (Namibia), ambako geti la kambi hufungwa jua likizama na wanyama wakabaki nje, anaweza kufika Savuti, kambi iliyo ndani ya Chobe, na kusimika hema lake katikati ya njia ya tembo bila kujua.

Hatua ya 1: Nafasi. Wekeni nafasi mapema, kwa sababu kambi ni chache na hujaa katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Ada ya kambi hulipwa kwa kampuni inayoiendesha, na kiingilio cha hifadhi ni malipo mengine kabisa.

Hatua ya 2: Mafuta na maji. Jazeni tangi Kasane, kisha ongezeni madumu, kwani hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea mpaka Maun, na mchanga hulifanya gari linywe kuliko lilivyozoea. Maji ya kunywa yatosheleze safari nzima.

Hatua ya 3: Mchanga. Lami inaishia Kachikau. Simameni hapo mpunguze upepo wa tairi, kutoka kama psi 35 hadi 20 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji), na muwe na pampu ya kuurudishia mtakapofika lami ya Shorobe. Endesheni asubuhi, mchanga ukiwa bado baridi na umeshikana. Gari likianza kuzama, msikanyage mafuta, maana kila mzunguko wa tairi unachimba shimo. Shukeni, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu, mrudi nyuma kwa kufuata alama zenu wenyewe. Jeki iwekeeni ubao chini, la sivyo itazama badala ya kuinua.

Hatua ya 4: Jioni. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huipuuza. Fikeni saa kumi, mkague ardhi: kinyesi kibichi cha tembo na majani yaliyolazwa upande mmoja ni ishara kwamba hapo ni njia, hivyo sogezeni hema. Machungwa na matunda mengine yenye harufu kali ni bora kuyaacha nyumbani, kwani tembo huyanusa hata yakiwa ndani ya gari. Pikeni na mle mapema, muoshe vyombo papo hapo, kisha kila kitu kifungiwe garini, viatu vikiwemo. Usiku wangu wa kwanza Savuti niliacha buti moja nje ya zipu ya hema. Asubuhi niliokota soli yake hatua thelathini mbele, ikiwa na matundu ya meno ya fisi. Giza likishaingia, msitembee kwenda chooni. Chombo cha haja ndogo ndani ya hema si aibu.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwalimu, natoka Mbeya kwa gari langu kupitia Tunduma. Je, bima yangu itanifikisha?*

Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi yako, itakufaa Zambia. Botswana haimo katika mpango huo, kwa hiyo utanunua bima nyingine mpakani, baada ya kuvuka daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021. Usibebe nyama mbichi, kwani itachukuliwa kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe, na huenda ukatakiwa kukanyaga dawa pamoja na viatu vyako vya akiba.

*Shikamoo. Hema la juu ya gari si salama zaidi?*

Marahaba. Linakuinua mbali na fisi na nyegere, na usingizi wake ni mtulivu. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kutoka alfajiri kutazama wanyama, lazima ulikunje kwanza, na ngazi yake gizani ni hatari kwa asiyeona kilicho chini. Kabla ya kushuka, mulika tochi kuzunguka gari lote, ukitafuta macho yanayong'aa.

*Je, moto hauwafukuzi simba?*

Usiutegemee. Fisi wa Savuti hukaa ukingoni mwa mwanga wakisubiri mpakue. Mimi huwasha moto ili nione, na nikishauzima huingia hemani moja kwa moja.