Somo: namna ya kukagua farasi wa hifadhini (someni kwanza ndo muulize)

Wakuu habarini. Tangu niweke zile picha za farasi wadogo wa Exmoor (jina la aina yao) ninaowakagua Jumamosi huku South Downs, kusini mwa Uingereza, inbox imejaa swali lilelile, "unafanyaje, na mimi nataka". Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Hawa siyo wa kupanda. Wanakaa nje mwaka mzima, wanakula majani magumu na vichaka ili maua na vipepeo vya vilima vya chokaa vipate nafasi. Ila siyo wanyama pori, wana mwenyewe, kila mmoja ana chipu na pasipoti (ndio, farasi ana pasipoti, wewe endelea kusubiri viza). Mwenyewe hawezi kufika kila siku ndo maana sisi wa kujitolea tumegawana zamu.

1. Mwambie mtu unaingia saa ngapi na unatoka saa ngapi.

2. Geti ulilofungua, funga.

3. Hesabu. Akipungua mmoja usiondoke. Exmoor wote ni kahawia, pua kama imepakwa unga, hawana doa jeupe hata moja, so utawajua kwa makovu na singa zimelalia upande gani. Wakichanganyika katikati ya hesabu anza upya, usikisie.

4. Maji na uzio. Baridi ikigandisha hori vunja barafu.

5. Miguu. Hapa ndo niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa tano, nyasi zimechipua, kulikuwa na jike amenona mpaka shingo imetuna. Mimi nimekulia kwa watu wa ng'ombe, kwetu mnyama akinona unamshukuru Mungu, basi nikaandika kwenye ripoti "wote wazima, huyu mnene ndo mzuri kuliko wote". Nilimkuta amesimama, nikamhesabu amesimama, nikaondoka. Kesho yake mama wa zamu ya Jumapili akamkuta palepale, miguu ya mbele kaitanguliza, uzito kaurudisha nyuma, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Laminaitisi. Sukari ya nyasi changa kwa mnyama mnene, nyama inayoshika mfupa ndani ya ukwato inavimba, na ukwato hautanuki. Daktari wa mifugo alikuja na akapona, lakini ile siku moja zaidi ya maumivu nilimpa mimi.

Kwa hiyo USIMHESABU aliyesimama mpaka umemwona anatembea. Usimfukuze, subiri ajisogeze mwenyewe. Akipiga hatua fupifupi, akisita kugeuka, piga simu hapohapo na umwache alipo, usimswage. Shingo ngumu iliyotuna ni dalili, siyo sifa. Na kipupwe ni kinyume chake, manyoya yanaficha mbavu, hapo angalia nyonga na uti wa mgongo.

6. Ripoti kwenye grupu la WhatsApp kabla hujafika nyumbani.

MASWALI

Kaka_Mkubwa: Naweza kuwapelekea karoti?
— Hapana. Akizoea mkono wa mtu anaanza kung'ata watoto na kufuata magari barabarani.

Mtafutaji77: Wanalipa bei gani kwa saa?
— Ku-ji-to-le-a. Umesoma wapi mshahara?

BintiKilosa: Samahani, kwa nini wasikate hayo majani na mashine tu?
— Swali zuri dada. Mashine inakata kila kitu siku moja kwa urefu mmoja, mdudu anakosa pa kujificha. Farasi anachagua, hapa anapara kabisa, pale anaacha kichaka. Halafu mavi yake ni chakula cha dundu, na dundu ni chakula cha ndege na popo. Ndo maana dawa ya minyoo hawapewi ovyo, ivermectin inatoka na mavi na kuua hao dundu. Kwanza kinyesi kinapimwa mayai ya minyoo, mwenye mzigo ndo anatibiwa.

MwanaLamu: Je punda nao wanapata huo ugonjwa wa kwato?
— Wanapata ndugu yangu, na ni wagumu zaidi kuwagundua maana punda anaficha maumivu. Ukiona amepoa tu na chakula hataki, usiseme amechoka.

Kaka_Mkubwa: Nikimkuta amelala chini amekufa?
— Kaka, farasi wanalala, hasa jua likiwaka. Mwangalie kwa mbali anavyopumua. Akiwa anajibiringisha mara kwa mara, anajitazama tumbo, anatoka jasho, hilo ni tumbo, piga simu.

MamaTwins: Kupe je? Mie naviogopa.
— Chomekea suruali ndani ya soksi, vaa nguo nyeupe uvione, na ukirudi jikague nyuma ya magoti. Wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme. Mng'oe na kibano, usimchome na kiberiti kama tulivyofundishwa.

BintiKilosa: Na yale maua ya njano kwenye picha yako ya tatu?
— Umeona mbali. Ragwoti, sumu ya ini. Ikiwa mbichi ni chungu wanaipita, ikikauka uchungu unapungua na sumu inabaki. So ukiing'oa vaa glavu na uibebe yote, usiiache chini.

Kaka_Mkubwa: Basi hata kipande cha sukari guru?
— Rudi namba 5.